Kamba Kwenye Nyanya

Mama aliuza ng'ombe wake wa pekee kwa maneno yangu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilipanda kutoka Sekei, kule mjini, nikamshawishi ajenge banda la plastiki la nyanya nyuma ya migomba, kule kwetu kwenye mteremko wa Meru. Nyanya zikastawi, zikachanua. Kisha maua yakaanza kudondoka bila kuacha tunda hata moja.

"Jumapili tukitoka ibadani nang'oa zote," Mama alisema. "Nimechoka kufuga maua."

Nilimkasirikia, lakini hofu ilizidi hasira.

Tulijua kwamba humo ndani hamna upepo wala nyuki, kwa hiyo ua lazima litikiswe. Chavua ya nyanya, ule unga unaotungisha tunda, hukaa kwenye vifuko vya njano vilivyoshikana katikati ya ua. Vikipasuka ndipo unga humwagika. Mama alitikisa kila alfajiri, akishamaliza kukamua mbuzi, kwa sababu kwetu shamba ni la asubuhi, na anayeonekana shambani saa sita mchana huulizwa kama ana akili timamu. Tena alifunga mapazia ya banda usiku na mchana, akiogopa baridi ya mlima.

Ijumaa asubuhi niligonga ua juu ya kioo cheusi cha simu yangu. Hakuna kitu. Nikalichana kwa ukucha: vifuko vilikuwa vibichi, vimelowa unyevu, vimefunga kabisa. Nikafungua mapazia yote ili vikauke.

"Unataka zife baridi?" Mama alifoka.

"Si unazing'oa hata hivyo?"

Akaondoka bila kunitazama. Nilibaki humo jasho likinitoka mpaka jua likafika utosini. Niliogopa kugonga tena, nisije nikaona kioo kile kile kitupu. Nikagonga ua jingine. Kioo kikajaa vumbi la njano.

"Mama! Njoo!"

Alikuja na jembe mkononi. Akaitazama simu, akapitisha kidole kwenye ule unga, akaunusa. Kisha akatoka. Nikadhani hakuelewa.

Alirudi na kamba ya yule ng'ombe, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa inaning'inia zizini. Akaifunga kwenye waya zinazobeba nyanya, akasimama mlangoni juani, mchana kweupe, majirani wakimwona. Akavuta, maua yote yakatikisika. Akavuta tena, huku akimbembeleza ng'ombe wake kwa Kimeru, kama alivyombembeleza zamani alipogoma kutoka zizini.