Mwalimu wa Maharagwe

Mimi ni mtu wa kujifanya najua, na hili limenitia aibu hadi leo. Kule Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, niliwafundisha akina mama somo la lishe: ugali ni nguvu, maharagwe ni protini. Basi hospitali moja ya Mbarara iliponiita kutafsiri, nilivaa tai yangu ya harusi.

Mgonjwa alikuwa jirani yangu, Mama Neema, amejaa malengelenge. Daktari alieleza kwa Kiingereza kwamba seli za ngozi hushikamana kwa protini, kama matofali yanavyoshikwa na udongo. Mwili wake ulikuwa unazishambulia protini hizo, ndiyo maana ngozi inaachana. Ameze vidonge kila siku ili mwili utulie.

Nilisikia "protini", mengine yakanipita. Nikamwambia kwa sauti ya darasani, "Protini imekuishia mwilini, mama. Kula maharagwe!" Vidonge nilivitaja mwishoni, kama mtu anayekumbuka chumvi.

Wiki tatu baadaye akarudi, malengelenge yamefika mdomoni.

"Mwalimu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "maharagi nilikula mingi, mpaka nashindwa kumeza. Vidonge niliacha, juu ulisema protini njo dawa."

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Nikakohoa. "Anasema... anaendelea na matibabu."

Muuguzi, ambaye ni mke wa mwanajeshi na alikizoea Kiswahili katika kambi ya jeshi, akaweka sindano chini.

"Wewe mwalimu," akasema, "tafsiri yote. Anza na maharagwe."