Mihuri Miwili Myekundu

Tulitoka Kindu kwa treni, mama na mimi, na injini ikatuharibikia porini mara mbili, rafiki yangu, tukala mihogo ya kuchemsha tu, nami naichukia mpaka leo. Lubumbashi ilinipokea kwa moshi wa kiwanda cha shaba uliokwaruza koo, na kwa harufu ya gundi iliyokuwa ikichemka katika karakana ya babu. Baada ya wiki moja mama alirudi Kindu, akaniacha kwa babu na bibi. Nilikuwa na miaka minane.

Babu alikuwa fundi wa fremu: picha za harusi, aya za Kurani, na picha ya Rais iliyotakiwa kutundikwa kila ofisi. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa huku bibi akisonga bukari uani.

Siku moja alikuja injinia Mjapani aliyekaa mtaa wa Golf. Alijua Kiswahili cha mgodini. "Jambo, papa," akasema, akakunjua karatasi ndefu: mlima, msonobari mmoja, ukungu. Pembeni chini palikuwa na maandishi meusi na mihuri miwili myekundu. Aliirithi kwa mama yake, na alidhani mchoraji ni babu yake, ambaye picha zake nyingine zote ziliungua vitani. Saini haitoshi, alitueleza, kwa kuwa wanafunzi huiga mkono wa mwalimu wao. Lakini muhuri wa jiwe humeguka ukingoni, na pengo la muhuri mmoja halifanani na la mwingine. Dada yake alikuwa na barua ya zamani yenye muhuri wa babu yao, angemtumia.

"Kama pengo iko moja, papa, basi ni yeye."

"Sura yake unakumbuka?" babu akauliza.

"Hapana. Iko hii tu."

Akatuachia picha itiwe fremu, akaenda kazini Likasi.

Siku hizo askari walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta mali iliyoibwa katika ghala la kiwanda. Vitu vya ghala vilipigwa muhuri mwekundu, na jirani yetu alikuwa amechukuliwa kwa sababu ya gunia moja tupu. Hakurudi. Ijumaa moja, babu akiwa msikitini, tukasikia buti zao barabara ya pili. Bibi, ambaye hakuwahi kusoma, aliiangalia ile mihuri myekundu pembeni mwa picha.

"Mujukuu, leta makasi."

Mimi nilijua. Nilikuwa nimesimama pale injinia alipoeleza. "Bibi, ile ni jina ya muntu."

"Na babu yako hana jina? Kata!"

Nikakata. Kipande kikaingia kwenye makaa ya mbabula, chini ya mahindi yaliyokuwa yakichomwa, na kikaisha kabla sijageuka. Askari waliingia, wakapekua hadi chini ya godoro. Mmoja akauangalia ule mlima, akacheka, akimwita bibi raia kwa Kifaransa cha serikali: "Sitwayen, hii mulima haina shaba?" Wakaondoka.

Babu aliporudi aliiinua picha kwenye mwanga. "Mumezika muntu mara ya pili," akasema.

Injinia alikuja mwezi uliofuata, bahasha ya dada yake mkononi, akitabasamu tangu mlangoni. Babu hakuficha kitu. Alimwonyesha pembe iliyokatwa. Bibi akapiga magoti.

"Amuka, mama," injinia akasema. "Hapana kosa."

Lakini alikaa kwenye benchi mpaka king'ora cha kiwanda kikalia, akipitisha kidole juu ya lile pengo la muhuri katika barua ya babu yake. Kisha akaikunja picha. "Sasa iko mulima tu."

Babu hakupokea kazi nyingine. Gundi ikakauka sufuriani, wateja wakazoea kupita bila kusimama, na mwaka uliofuata tukamzika. Karakana ikawa duka la bia, nalo likafungwa. Nimeishi miji mingi tangu hapo na hakuna ulionishika. Jina lile liliungua mikononi mwangu, na hata kulitamka siwezi, maana sikulijua kamwe.

Siku niliyoondoka kabisa, begi begani, bibi alikuwa haoni tena. Akanishika shati.

"Ule Mujapani," akasema, "alijuaka kama ile picha ni ya babu yake?"

"Alijua, bibi."

Hakuniamini. Aliachia shati, nami nikaenda.