Mnakili wa Haiku Akalia Kiti cha Mteuzi

Maji ya chai yamechemka mara ya pili, na Fumie Tokiwa bado hajainua kichwa. Theluji ya Yokote, kaskazini mwa Japani, imeziba nusu ya dirisha. Mezani kuna mashairi mafupi ya haiku ya wanachama, yasiyo na majina, na penseli nyekundu haijaweka alama hata moja.

Kwa miaka thelathini, kazi yake katika jarida la Nokishita ilikuwa kunakili. Kadi za posta zilifika kwake, naye akaandika mashairi yote upya kwa mwandiko wake ili mteuzi wa mashairi ya kuchapwa, Mwalimu Seigan Orito, asijue lipi ni la daktari na lipi ni la muuza tofu ya soya.

Jarida lilianzishwa na wafanyakazi wa reli baada ya Vita vya Pili vya Dunia, karatasi ikiwa adimu. Matoleo ya kwanza yalichapwa nyuma ya hati za mizigo. Wanachama waliwahi kufika mia sita. Leo hawafiki mia. Fumie hupata yen elfu ishirini kwa mwezi. “Ni za mafuta ya taa tu,” anasema.

Yeye naye alikuwa akituma mashairi. Kila toleo, shairi moja hutangulizwa ukurasa wa kwanza, na la Fumie halikuwahi kukaa hapo. Hafichi kwamba lilimuuma. “Langu lilikuwa huko nyuma, jirani na tangazo la daktari wa meno.”

Vuli iliyopita, Mwalimu Orito, aliyetimiza miaka themanini na minane, alitangaza kwamba kuteua kumemchosha. Jarida la aina hii likikosa mteuzi hufungwa. Wanachama wakamtaka Fumie. Akakataa, kwa kuwa mashairi ya mteuzi hayateuliwi na mtu, na ukurasa ule wa kwanza angeusahau maisha. Kisha akaomba kwanza apewe toleo moja la mwisho la kutuma shairi lake.

Alituma shairi kuhusu koleo la theluji la marehemu mumewe, bora kuliko yote aliyowahi kutunga. Lililotangulizwa ni la Bi. Kuwata, muuza tofu. Fumie alilisoma na kulirudia akitafuta kasoro, asiione.

“Lilinizidi,” anasema. “Ningeteua mimi, ningeteua hilo hilo. Hapo nikajua nimekwisha kuwa mteuzi.”

Akakubali. Ikabaki kumpata mnakili mpya, maana miandiko yote ya wanachama anaijua. Mwalimu Orito akajitolea mwenyewe.

“Na mashairi yangu nitayachanganya humo humo, Bibi Fumie,” alimwambia. “Usinionee haya.”

“Nitakuoneaje haya, Mwalimu, na sitayajua?”

Toleo lake la kwanza litatoka theluji ikianza kuyeyuka. Anapanga kuita vijana wa stesheni ya reli wajiunge, jarida lisife mikononi mwake. Lakini akiulizwa anatamani nini hasa, hasiti.

“Shairi la Mwalimu likae jirani na lile tangazo la daktari wa meno. Mara moja tu. Nami nisijue kamwe kwamba ni lake.”