Siku Nilipomwacha Mama Mkwe Kwenye Pikapu Iliyokataa Kuzimika

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mashemeji zangu, maana wao huongeza chumvi, na jambo hili lina chumvi ya kutosha: mimi, Deogratias, baba wa Koku na mdogo wake, mtu mzima mwenye kitambi na nafasi yake ya besi kwenye kwaya ya parokia, niliruka kutoka kwenye gari langu nikakimbia, nikamwacha mama mkwe ndani. Mchana kweupe, mbele ya wageni wa harusi, na ufunguo wa gari nimeushika mkononi.

Yote yalianza na mlima. Mimi nauza matanki ya maji, duka langu liko Butimba, na anayeijua Mwanza anajua watu wamejenga juu ya mawe mpaka unajiuliza tofali la kwanza lilipandaje huko. Ukiwa kibarazani kwao unaliona ziwa lote limelala chini yako, lakini bombani maji yanakuja yanapotaka, ndiyo maana mimi nakula. Sasa pikapu yangu ya dizeli, ambayo tumetoka nayo mbali, ilikuwa imeanza kuchoka. Ikibeba matanki mawili ikiukuta mlima inahema kama mwenye pumu. Siku moja ikagoma katikati ya mlima kabisa, mteja mwenyewe, mama mmoja mwalimu, akatoka na gauni lake la kazini akaja kusukuma. Shemeji yangu Masanja, kaka yake mke wangu Kabula, alikuwa nyuma ameshikilia tanki, akacheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji," akasema, "kwenye harusi ya Minza njoo na baiskeli tu, utawahi."

Minza ni mdogo wao wa mwisho, harusi yake ilikuwa Misungwi nyumbani kwao, zimebaki wiki mbili. Na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumpeleka mama mkwe, kwa sababu alikuwa kwetu Butimba akitibiwa macho. Maneno ya Masanja yakaniingia. Nikaamua kutafuta fundi wa kutuni injini, aiongezee nguvu.

Nilikwenda kwa wawili. Wa kwanza alikuwa Nyakato, nyuma ya viwanda, mwanamke wa rika langu anaitwa Fundi Rehema. Hakuniuliza habari za nguvu. Alifungua bomba la hewa linalotoka kwenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, akatia kidole, kikatoka cheusi kinang'aa, akakifuta kwenye leso yangu (aliniomba, nikampa, sikujua anataka kufutia nini).

"Turbo imekwisha, inavujisha oili kwenda kwenye injini," akasema. "Tuitengeneze hii kwanza. Nguvu itarudi."

"Lakini mimi nataka iongezwe," nikasema.

"Siongezi nguvu kwenye injini inayokunywa oili yake. Siku ikianza kuwaka kwa oili hiyo, hutaizima."

Hutaizima! Nikaona hizo ni ngebe za mafundi za kumtisha mteja. Halafu akasema kifaa kitachukua wiki nzima kufika. Halafu tena (leo nakiri kila kitu) sikupenda kuambiwa hapana na mwanamke mwenye spana mbele ya wanaume wawili waliokuwa wanasubiri magari yao. Nikasema nitarudi. Sikurudi.

Kwa wa pili alinielekeza kinyozi wangu. Huyu alikuwa na shati jeupe, laptopu, na jina: Injinia Frenki. Kwanza akanikalisha kwenye kiti kizuri akanipa soda, akanionyesha kwenye simu video za pikapu zinatimua moshi mweusi kama treni. Akachomeka waya chini ya usukani, akabofyabofya, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Bosi, gari lako limelala. Mimi naliamsha."

Nikamwuliza habari za oili kwenye turbo. Akacheka. "Nani kakwambia? Hao ni mafundi wa nyundo, bosi. Hii ni programu."

Na mimi nikacheka naye, kama mtu anayejua programu ni nini. Baada ya saa mbili nikatoka pale na gari lingine kabisa. Milima ikawa tambarare. Siku ile ile nilipita mbele ya nyumba ya yule mama mwalimu mara mbili, na sikuwa na shughuli yoyote upande ule.

Ikafika Jumamosi ya harusi. Kabula na watoto walikuwa wametangulia tangu jana yake, kwa hiyo garini tulikuwa wawili, mimi na mama. Kwetu Wahaya na kwao Wasukuma mkwe ni mkwe. Hapo huwezi kupiga soga, unasalimia shikamoo, unaitikiwa marahaba, basi, mnatazama barabara. Yeye amevaa kitenge kipya na miwani myeusi aliyopewa hospitalini, mkoba mapajani, kioo amekipandisha kwa sababu ya vumbi.

Tulipopita Buhongwa nikainua mguu kwenye mafuta ili nipunguze mwendo, na gari halikupunguza. Kidogo tu, kama pumzi moja, likaendelea kuvuta lenyewe kisha likatii. Nikajiambia ni barabara inashuka. Lakini barabara haikuwa inashuka. Karibu na Usagara nikalipita lori la ng'ombe, nikainua mguu, na safari hii likavuta muda mrefu zaidi, sauti inapanda wakati mguu wangu uko hewani kabisa, nikatazama kwenye kioo nikaona nyuma yetu moshi wa bluu umelifunika lile lori lote. Nikakanyaga breki mpaka likatulia.

"Baba Koku," mama akasema, "mbona linalia hivyo?"

"Ni nguvu tu, mama. Nimelitengeneza."

"Nguvu," akasema.

Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Nilijua. Maneno ya Fundi Rehema yalikuwa yananipigia kelele masikioni. Lakini nikafikiria: mama wa bibi harusi akae kando ya barabara juani na macho yake, nimpigie simu Masanja aje atuchukue? Masanja! Nikaona bora nife. (Msinicheke, ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno, na hata sikukumbuka kwamba nikifa siendi peke yangu.) Basi nikaendelea, mikono inateleza kwenye usukani, nasali Salamu Maria bila kutoa sauti, na kila nikiinua mguu nasikilizia kama litatii, na kila mara linachelewa zaidi.

Tukafika. Nilipoliona hema, moyo ukarudi mahali pake. Watu wametuona, vigelegele vimeanza, akina mama wanakuja na kanga kumlaki mwenzao. Na mimi, badala ya kumshukuru Mungu na kuzima gari, nilimwona Masanja amesimama pale mbele na suti yake, nikasema ngoja kidogo. Nikakanyaga mafuta mara moja. Mara moja tu, lingurume, asikie.

Likanguruma, halikunyamaza.

Nikainua mguu, sauti ikapanda. Nikatoa gia, ikapanda zaidi, ikawa si mngurumo tena, ikawa yowe. Nikavuta handibreki. Moshi mweupe ukatoka nyuma ukaingia hemani, nikawa siwaoni watu, nasikia viti vinaanguka tu. Nikazima kwa ufunguo. Halikuzimika. Nikauchomoa ufunguo kabisa, nikauangalia, huu hapa mkononi, na gari bado linapiga yowe, linatetemeka mpaka kioo cha ndani kikaanguka mapajani mwangu. Jamani, nimewahi kuogopa maishani, nimewahi kuwa kwenye mtumbwi ziwani na dhoruba imetukuta, lakini pale ziwani nilijua ninaogopa nini. Hapa ni kitu ambacho ufunguo wake ninao na hakinijui.

Mtu akapiga kelele, "Linalipuka!" (Alikuwa Masanja. Anakana mpaka leo.)

Miguu ikaamua. Mlango, chini, mbio. Nikawapita wapishi, nikaruka uzio wa minyaa kama kijana wa miaka kumi na minane, kiatu kimoja kikabaki huko huko. Nikasimama upande wa pili nahema, ndipo nikageuka.

Mlango wa abiria ulikuwa umefungwa.

Sasa mnielewe. Kitasa cha ndani cha mlango ule kilikuwa kimekatika tangu miezi mingi, haufunguki mpaka mtu azunguke aufungue kwa nje. Mimi nilikuwa namzungukia mama kila safari, namfungulia, nainama kidogo, naye ananishukuru. Nikauona mkono wake ndani ya moshi, kiganja kinapiga kioo.

Natamani niwaambie kwamba nilirudi mbio. Sikurudi. Nilisimama. Niliiambia miguu nenda, nayo haikwenda. Nikamwona Kabula anakimbilia gari anamwita mama yake, wanawake watatu wamemkamata kiunoni wanamvuta nyuma, anawapiga ili wamwachie, na mimi nimesimama nyuma ya minyaa na kiatu kimoja.

Mama akatokea mlango wangu. Alikuwa ametambaa juu ya gia, kitenge kimepanda magotini, miwani hana. Nikajua sasa atakimbia. Hakukimbia. Mwanamke yule aliendesha mashine ya kusaga ya dizeli peke yake tangu baba mkwe alipofariki, na mashine zile, ninyi mnaozijua, nazo hupandwa na wazimu. Akasimama mbele ya boneti, machozi yanamtiririka kwa moshi, akageuka kuelekea uzioni, na katika watu wote wale akaniita mimi.

"Baba Koku! Rudi! Njoo ufungue huku mbele, linakunywa oili yake! Tulizibe pumzi!"

Nikarudi. Si kwa ushujaa, niliona aibu kubaki. Kila hatua nilijua ndiyo ninayofia. Nikaingiza mkono ndani ya gari, nikavuta kamba ya boneti, joto likanipiga usoni, chuma kinalia mpaka meno yananiuma. Mama alikuwa ameshanyakua ubao kwa wapishi, ule wa kukatia vitunguu.

"Hewa inaingilia wapi?"

Nikamwonyesha boksi la ea klina, lile chujio la hewa.

"Fungua!"

Zile klipu ni nne. Tatu zilifunguka, ya nne vidole vikagoma, akanipiga begani kwa ngumi, ngumi ya kweli, ikafunguka. Nikanyanyua kifuniko na bomba lake, naye akabandika ubao kwenye mdomo wa bomba hilo. Gari likauvuta ubao kwa nguvu mpaka ukamtoka mikononi ukanasa pale penyewe. Injini ikakohoa, ikalitikisa gari zima, ikafa.

Kimya. Mtoto mmoja tu analia mahali. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kila siku. Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akawatazama watu waliokuwa wanachungulia nyuma ya nyumba na sahani zao mikononi.

"Haya," akasema, "harusi ni ya Minza, si ya gari."

Harusi ikaendelea. Mshereheshaji alipofika kwenye kutambulisha ndugu akasema, "Na sasa mkwe wetu mkubwa, yule aliyetangulia uzioni," hema zima likaangua kicheko, na mimi ikabidi nisimame nipunge mkono na ndara nilizoazimwa. Kabula hakucheka. Hakunitazama hata.

Alasiri nikamfuata mama chumbani, nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akaniuliza ni nani aliyelitengeneza gari. Nikamweleza yote, habari za mafundi wawili, kidole chenye oili, soda.

"Kwa hiyo ulimwacha aliyekwambia kweli ukaenda kwa aliyekusifia."

"Ndiyo, mama."

Kisha akasema taratibu, "Kuogopa sikulaumu. Hata mimi niliogopa, nilidhani nakufa siku ya harusi ya mwanangu. Lakini wewe ulijua mlango ule haufunguki. Mimi nilidhani ni heshima."

Nikatoka kwenda kukitafuta kiatu changu kwenye minyaa.

Injinia Frenki nilimpigia Jumatatu. "Bosi, hilo ni suala la makanika, mimi ni mtu wa programu," akasema, na tangu hapo simu yake haipatikani. Lakini simlaumu sana. Mimi ndiye niliyejua na nikanyamaza kutoka Buhongwa mpaka Misungwi.

Mwezi uliofuata mama alirudi Mwanza kliniki ya macho. Nilimwambia nitaazima gari zuri nije kumchukua. "Hapana, baba, usijisumbue," akasema kwa upole kabisa, akapanda basi. Upole ule unaniuma kuliko kicheko cha hema zima.

Kwa hiyo naapa mbele yenu: fundi akiniambia hapana, nitakaa nimsikilize mpaka amalize, hata kama yuko kwenye oili mpaka viwikoni na mimi nina haraka. Na mtu akiwa amekaa pembeni yangu, liwake, lilipuke, nitashuka baada yake. Kama nitaweza, sijui. Miguu yangu nimeshaijua. Lakini naapa.