Jicho la Shangazi

Shangazi yangu ameshona sare za shule miaka ishirini na sita, na muda wote huo sijawahi kumwona amekaa bila kumgombeza mtu. Akikosa mtu, anaigombeza cherehani. Kwa hiyo nesi wa zahanati alipompima presha na kumwambia kila siku akae kimya nusu saa, macho kafumba, afuate pumzi yake tu, nilicheka hadi nikashika ukuta.

"Cheka tu," akasema. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi unakaa na mimi. Diploma uliiacha katikati, labda ukimya utaumaliza."

Tulianza wawili, juu ya marobota ya vitambaa. Siku ya tatu mlinzi wa jengo alichungulia kujua kwa nini chumba cha fundi kimenyamaza, akakaa. Akamleta mkewe, mkewe akawaleta wenzake wa sokoni. Mwaka wa nne tulikuwa watu mia mbili kila Jumapili, kwenye bwalo la shule. Hakuna kiingilio, hakuna bosi, ni zamu tu: hawa wanafagia, hawa wanatandika mikeka, hawa wanawapokea wageni. Mito yote alishona shangazi kwa mabaki ya sare, ndiyo maana ukikaa unaweza kukuta kola ya shati chini ya makalio. Kengele yetu ni mkasi wake: anaugonga mara tatu kwenye pasi kuukuu, watu wote wanafumba macho.

Wote isipokuwa yeye. Shangazi alikuwa anafumba jicho moja. La pili lilipiga doria: nani kasinzia, nani kashika simu, mlango umefungwa? Najua kwa sababu na mimi nilikuwa nachungulia. Tulikuwa wezi wawili tuliokutana nyumba moja.

Jumapili moja nesi alikuja kutupima. Wengi walikuwa na nafuu. Alipofika kwa shangazi, akapima, akakunja uso.

"Mama, watu wako wamepoa kama maji ya mtungi, wewe unachemka. Tukienda hivi utaacha kushona, cherehani utaisikia kwa jirani."

Nilikuwa sijawahi kumwona shangazi akiogopa. Siku hiyo aliogopa.

"Nikifumba yote mawili," akauliza polepole, "nani ataangalia?"

"Fundi," mlinzi akasema, "mimi nalipwa kuangalia siku sita. Ya saba niachie niangalie bure." Akanyoosha mkono apewe mkasi.

"Utaugonga vibaya."

"Ni mkasi, fundi, si mtoto mchanga."

Akampa. Mlinzi akagonga, tukafumba; nusu saa ilipokwisha akagonga tena mara tatu, tukafumbua. Sasa, kwetu hakuna anayeinuka mpaka shangazi aseme, "Haya, viatu!" Hakusema. Tukamgeukia. Macho yote mawili yamefungwa, mabega yameshuka, uso umelegea kama wa mtu nisiyemjua.

"Kalala?" mtu akanong'ona.

"Angalia shingo ilivyonyooka. Aliyelala ana shingo hiyo?"

Hakuna aliyeinuka. Miguu ikafa ganzi, huko majumbani sufuria zikaungua, watu mia mbili wakamsubiri dakika ishirini nzima. Hatimaye akafumbua macho, akakuta macho mia nne yanamtazama.

"Mnaangalia nini? Haya, viatu!"

Bwalo likapasuka kwa vigelegele. Mlinzi aliugonga ule mkasi kwenye pasi kama anayetangaza harusi, na mara hii shangazi hakumgombeza.

Miezi mitatu baadaye nesi alimpima mara mbili, maana mara ya kwanza hakuamini. "Shona, mama," akamwambia. "Shona hadi uchoke mwenyewe."

Jumapili iliyofuata nilichungulia kama kawaida yangu. Macho ya shangazi yote yamefungwa. Nilikuwa mwizi peke yangu nyumba nzima, na wizi wa peke yako hauna raha. Nikafumba.