Nilivyomzuilia Ndoa Kambale Asiye Wetu

Jamani, mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuona haya kirahisi, nimeuza maharagwe sokoni miaka kumi na nimefundisha katekisimu miaka sita, lakini kuna kanisa moja pale Beni ambalo mpaka leo nikipita mbele yake navuta kitenge mpaka puani, na mwendesha pikipiki akiniuliza kama ni vumbi namjibu ndiyo, ni vumbi. Uongo mtupu. Ni aibu, na leo naitoa yote, ila mkicheka chekeni polepole.

Mimi ni Masika, msichana wa kwanza kwetu Butembo, na anayenifuata ni Kavira. (Kwetu Wanande jina linakuja na zamu ya kuzaliwa: msichana wa kwanza Masika, wa pili Kavira, mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, kwa hiyo ukiita "Kambale!" katikati ya soko, nusu ya wanaume watageuka na nusu nyingine watakusaidia kumwita. Jambo hilo nalijua tangu kunyonya na bado lilinishinda, ngojeni.) Kavira alikuwa amechumbiwa na Kambale Jean de Dieu, mtoto wa Paluku, kijana wa kununua kakao upande wa Mangina, na alikuwa amemngoja miaka minne, mara barabara haipitiki, mara ugonjwa, mara kilio kwao, mpaka mbuzi wa mahari walikuwa wamepokelewa, wakazaa, na watoto wao nao wakazaa. Gauni lilikuwa tayari limetundikwa nyuma ya mlango. Nilitaka ndoa ile kuliko hata Kavira mwenyewe, maana usiku nilimsikia akilishika lile gauni gizani akidhani nimelala.

Basi mwezi ule sisi makatekista tukaitwa Beni kwa siku tatu za mafundisho juu ya sheria ya Kanisa kuhusu ndoa. Nilifurahi jamani! Padri aliyetufundisha alikuwa kijana wa miwani, akatufungulia vizuizi vyote, udugu wa damu, umri, ndoa ya kwanza ambayo bado ipo, na akasema neno moja lililoniingia mpaka kwenye mifupa: mwamini yeyote anayejua kizuizi cha ndoa analazimika kukisema kabla ndoa haijafungwa. Analazimika! Mimi Masika wa maharagwe nalazimika na sheria ya Kanisa la dunia nzima! Nikaandika kwa biki nyekundu, nikapiga mistari miwili chini. (Siku ya pili mchana sikuingia darasani, nilitoka kwenda kuulizia bei ya mchele, nikaona si neno, mchana mmoja tu.)

Siku tatu zikaisha, kesho yake ikawa Jumapili, Misa kubwa, sisi makatekista tumekaa safu ya tatu na vitambulisho vya Butembo shingoni kama wajumbe, na kabla ya baraka ya mwisho paroko, mzee mmoja mwenye sauti ya upole, akachukua karatasi ya matangazo ya ndoa. "Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Kambale Jean de Dieu, mtoto wa Paluku, mununuzi wa kakao kule Mangina, anataka kufunga ndoa na Katungu, binti wa parokia yetu. Mwenye kujua kizuizi..."

Sikungoja sentensi iishe. Daftari likaanguka, nikajikuta nimesimama na mkono juu.

"Kizuizi kiko, mon père! Ile bwana ni wa kwetu! Tulishakula mbuzi zake!"

(Baadaye niliambiwa kwamba mwisho wa sentensi ya paroko ulikuwa "aje aniambie ku bureau". Ku bureau, yaani ofisini! Dakika tano tu za kungoja, jamani.)

Kanisa likavuma. Kwetu, kama mnavyojua, bwana ni bwana wa heshima na bwana ni mume, na watu walichagua hilo la pili, kwa sababu mama mmoja mnene upande wa kushoto, mama yake Katungu mwenyewe, alishika kichwa akapiga ukelele: "Iko na bibi Butembo! Mwanangu, bamekudanganya! Tena bibi muzee vile!"

Muzee! Nina miaka thelathini na tisa. Nikataka kujibu, lakini mpiga ngoma wa kwaya, sijui kwa woga au kwa kutusaidia, akaanza wimbo wa kutoka kabla ya baraka, watu wakasimama, wengine wakakaa, paroko akabariki katikati ya ngoma, na mimi nikapelekwa ofisini nimeshikwa mikono miwili kama mwizi wa kuku.

Mle ofisini tulikuwa wanne, paroko, Katungu anayelia, mama yake anayenipima kwa macho, na mimi. Nikaeleza kwamba mimi si mke, ni dada ya mchumba. Paroko akampigia huyo Kambale wa Katungu, simu haipatikani, hakuna reseau njiani. Angalia sasa shetani alivyonishauri: nikampigia Kavira, nikaweka sauti kubwa ili wote wawe mashahidi.

"Kavira, Kambale anataka kuoa mwingine huku Beni! Bametangaza mu Misa!"

Sauti ndogo ikajibu: "Yaya, uko hakika?"

"Nimesikia na masikio yangu! Jina yake, jina ya baba yake, na kakao yake!"

"Basi," akasema. "Mbuzi zirudi kwao." Akakata.

Na mimi, Mungu anisamehe, niliona fahari. Nilijiona nimemwokoa mdogo wangu kwa sheria ya Kanisa, nikainua kidevu, mpaka pikipiki iliponguruma nje na akaingia kijana mfupi, mviringo, mwenye koti limejaa vumbi la Mangina. Katungu akamrukia. Kambale wetu sisi ni mrefu, huinama milangoni.

"Njo wewe Kambale Jean de Dieu?" nikauliza, kidevu nikikishusha.

"Njo mimi, mama."

"Wa Paluku? Wa kakao?"

"Wa Paluku, wa kakao." Akanitazama toka juu mpaka chini. "Na bananiambia kama wewe njo bibi yangu. Nafurahi kukuona mara ya kwanza."

Mama yake Katungu alicheka mpaka akakaa chini. Paroko hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akasema polepole: "Mama katekista, hata angekuwa yeye, uchumba hapana kizuizi. Kuvunja ahadi ni vibaya, lakini haizuie ndoa. Balifundisha ile siku ya pili muchana. Ulikuwa wapi?"

"Ku soko, mon père. Muchele."

Mngedhani imeisha hapo. Nilimpigia Kavira mara kumi na moja, simu imezimwa. Nikapanda pikipiki mpaka Butembo, makalio yakifa ganzi, nikisali rozari yote kwa haraka isiyo na adabu, na nilipofika nikamkuta Kambale wetu amesimama uani, siku ile alikuwa Beni kuuza kakao, akaondoka kabla yangu, ujumbe wa Kavira uko wazi kwenye simu yake: usikanyage kwetu tena. Nyuma ya mlango gauni halikuwepo. Kavira alikuwa amelirudisha kwa mshonaji.

Nikaeleza, nikajikanyaga, nikapiga magoti kwenye udongo. Kambale hakunipigia kelele, afadhali angepiga.

"Yaya Masika," akasema, "miaka ine mimi naita wewe yaya. Namba yangu uko nayo. Ulishindwa kuniita hata mara moja mbele ya kusimama?"

Akamgeukia Kavira, aliyesimama mlangoni. "Na wewe uliamini." Akaondoka.

Aibu ya Beni ilikuwa mchezo. Hapo niliumia kweli. Wiki tatu Kavira hakula sahani moja na mimi. Nilikwenda kwao Kambale na jogoo, nikarudi naye. Nilikwenda mara ya pili, jogoo wakampokea, wala hawakunikaribisha kukaa. Mara ya tatu alikuwa Kavira mwenyewe aliyekwenda, peke yake, na walichoambiana sikijui na sitauliza.

Nimeapa mbele ya Ekaristi: nikisikia jina kanisani, nauliza kwanza sura, tena nauliza ofisini, tena nikiwa nimekaa.

Kavira na Kambale wetu walitangazwa mwezi wa pili baada ya hapo, hapa Butembo. Jumapili ya tatu padri akasoma majina, akafika kwenye kizuizi, na kanisa zima, safu kwa safu, likageuka kunitazama. Nami wakati huohuo kikohozi kikanishika kooni. Nikafunga mdomo kwa kitenge, nikakimeza chote, machozi yakanibubujika, na Kavira kule mbele akaniona, akadhani nalia kwa ajili yake. Nilikuwa nalia kwa ajili yake pia.