Vigelegele nilivyopiga kanisani

Kosa ni langu. Nalisema mapema, usije ukafika katikati ukaanza kumlaumu mtoto.

Waliokuwepo Jumapili ile ni hawa. Sifa, mjukuu wangu, anaelekea miaka kumi na minne. Mapendo, binti yangu, mama yake Sifa, anayepanga mizigo ghalani karibu na uwanja wa ndege, zamu ya usiku. Mama Wabiwa, kiongozi wa waombezi, rafiki yangu tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, tulichota maji bomba moja. Mchungaji Byamungu, aliyeoa binti wa shangazi yangu. Na mgeni wetu, Nabii Elikana, ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote pale, ndiyo maana tulimwogopa. Na mimi.

Nimeambiwa wanaoandika kwenye ukurasa huu wanaficha majina. Langu nimelificha. Ya wengine yamenishinda! Nilifika darasa la tatu tu, mengi sikuyajua, lakini jina la mtu halijawahi kunitoka.

Tunakaa Crescent Town, hapa Kanada, ghorofa za juu. Watoto wa jengo letu wanasikia Kiswahili, wanajibu Kiingereza. Sifa peke yake ndiye aliyekuwa ananijibu kwa Kiswahili. Cha kuvunjikavunjika, lakini Kiswahili. Ananiita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu kule Uvira.

Jioni mama yake akiwa bado amelala, tulikuwa tunakaa jikoni mimi na yeye. Mimi nachambua maharage kwenye sinia, yeye ananichambua mimi.

"Koko, maharage ya duka hayana mawe."

"Nachambua tu."

"Umewahi kukuta jiwe hapa Kanada?"

"Bado."

"Sasa unatafuta nini?"

"Siku ukivunjika jino ndiyo utajua nilikuwa natafuta nini."

Na maswali yake! Eti Nuhu aliwaingiza mbu kwenye safina kwa nini, si angewaacha tu nje? Eti Mungu anasikia Kibembe cha kwetu, au malaika wanamtafsiria? Mbona Mchungaji akiomba anapiga kelele, Mungu yuko mbali? Nilikuwa namwambia nyamaza wewe, huku nimeziba mdomo kwa kitenge nisicheke.

Jioni moja hakuuliza kitu. Alikuwa amepangiwa kubatizwa na vijana wenzake. Kanisa letu limekodi ukumbi kule Malton, nyuma ya maghala, na ubatizo tunaufanya kwenye bwawa la plastiki. Kina mama tunabeba maji ya moto kwa birika, baridi isije ikaua mtu.

"Koko," akasema, "nikifumba macho kuomba naona giza tu. Hakuna mtu."

"Endelea kuomba."

"Naomba. Naogopa siku ile nitaingia kwenye maji, halafu nitatoka nimelowa tu."

Nimelowa tu! Kicheko kilinifika kooni, halafu nikamwona uso. Hakuwa anatania.

"Usimwambie Mama. Usimwambie mtu. Apa."

"Naapa kwa jina la Mungu."

Akaniangalia. "Mimi sina uhakika naye, Koko."

"Mimi ninao. Unatutosha wote wawili."

Nilisema hivyo, kwa kinywa changu hiki.

Wiki ileile Mama Wabiwa akapiga simu. Kanisani kwetu, kabla nabii mgeni hajafika, waombezi wanakusanya mizigo: nani anaumwa, nani amenyimwa karatasi za kuishi hapa, ndoa ya nani inatikisika. Kila mtu anautua wake kwa Mama Wabiwa, nao wanafunga na kuuombea.

"Na wewe, mama? Huna mzigo?"

"Sina."

"Asiye na mzigo ana kiburi."

Basi nikamwambia. Nikasema ni mtoto fulani tu, wa jamaa zangu, imani imemlegea. Akaguna. Kama ningeishia hapo, pengine mngenisamehe. Lakini nikamsimulia na lile la kulowa. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa tamu kusimulia! Tulicheka, mimi na Mama Wabiwa, mpaka akapaliwa. Halafu tukaomba palepale kwenye simu, tukaagana vizuri.

Jumapili ikafika. Nabii Elikana alivaa suti nyeupe na viatu vyenye ncha. Alihubiri mpaka kola ikalowa jasho, halafu akanyamaza ghafla, akafumba macho, akainua kidole.

"Kuna binti humu! Bwana ananionyesha binti! Anasema, mimi nikiingia majini nitatoka nimelowa tu!"

Kanisa zima likasema hooo!

Hapa ndipo mkono unakuwa mzito, wenzangu. Nilisahau. Haki ya Mungu, nilisahau kwamba neno lile lilitoka kwangu! Niliona tu kwamba mtoto wangu alisema hakuna mtu, kumbe mtu yupo, na anasikia mpaka jikoni kwetu. Nikasimama. Nikapiga vigelegele, peke yangu, virefu. Kina mama wakanifuata.

Nilipomaliza nikageuka kumtazama Sifa, nikidhani analia kwa furaha. Alikuwa ananiangalia mimi. Hakumwangalia Nabii hata kidogo.

Alitoka akaenda mbele mwenyewe, bila kuitwa. Nabii akamwekea mkono kwenye paji la uso, akamsukuma. Kwetu mtu akiguswa hivyo anaanguka, na kuna vijana wanasimama nyuma yake kumdaka. Sifa hakuanguka. Alirudi nyuma tu. Nabii akasukuma tena, akarudi tena. Wakaenda hivyo, Nabii anasukuma, mtoto anarudi kinyumenyume, wadakaji nao wanarudi, mpaka mmoja akakalia ngoma. Duuu!

Sifa akauliza, taratibu kabisa, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu:

"Nabii, nani amekuambia?"

"Roho, binti yangu."

"Roho huyo anakaa Crescent Town?"

Kuna waliocheka. Mchungaji Byamungu alicheka akajifanya anakohoa. Mapendo hakucheka. Alikuwa ametoka zamu bila kulala. Akamshika mtoto mkono, akamtoa nje kwenye theluji, koti limebaki kwenye kiti. Nilibeba lile koti nikawafuata.

Ndani ya basi Mapendo akamwuliza, "Ni kweli ulisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia mimi, mama yako?"

"Niliogopa utalia."

Na Mapendo akalia, palepale, watu wa basi wanaangalia dirishani. Mimi nimekaa nyuma yao na koti mapajani.

Kubatizwa alibatizwa. Alikubali kwa ajili ya mama yake. Mimi ndiye niliyeshika taulo. Alipotoka majini nikamfunga nalo, nikamwuliza, unajisikiaje, mjukuu wangu? Akanijibu kwa Kiingereza, neno moja. Hata mimi nalijua neno hilo. Alisema amelowa.

Tangu siku hiyo ananijibu Kiingereza. Kwa heshima! Hajanitukana hata mara moja. Namwuliza umekula, anasema ndiyo, asante, kwa Kiingereza, anaingia chumbani. Yule aliyekuwa ananisumbua na mbu wa Nuhu!

Sikulia. Mapendo anasema nimekuwa kama friji, naunguruma tu pale jikoni. Sawa. Nachambua maharage.

Lakini Sifa aliondoka jikoni, maswali yake yakabaki, na sasa yananiuliza mimi.

Kule kambini palikuwa na nabii, jina lake Amisi. Aliniambia mume wangu Lukogo, tuliyepoteana naye tukikimbia, yu hai, atakuja, amemwona amevaa shati la mistari ya kijani. Shati lake hasa! Nikangoja. Walikuja watu wa kunioa, watu wazuri, Mzee Saleh fundi cherehani, na Nondo aliyefiwa na mke. Nikawakataa. Nimengoja mpaka Kanada. Juzi, mkono uko kwenye maharage, nimekumbuka. Shati lile nilimwelezea mtu, bombani, siku moja kabla. Nilimwelezea Mama Wabiwa.

Mama Wabiwa sijamwuliza. Anapiga simu, naongea naye habari za magoti. Mtu ninayetaka kumwuliza ni Sifa, na Sifa hayupo tena jikoni.

Bado naomba. Nikifumba macho naona giza. Sijui kama lilikuwepo miaka yote nami sikuwahi kuliangalia. Na jiwe kwenye maharage bado sijakuta.

Bibi wenzangu, mtoto akikuambia hana imani, kaa naye jikoni. Mpe chai. Swali lake ni lake, usilipeleke kwenye maombi hata kama waombezi ni watu wema. Usilipeleke hata kama linachekesha, tena hapo ndipo ufunge mdomo zaidi! Na usiape kwa jina la Mungu kama una rafiki mwenye simu.

Kama ulikuwepo Jumapili ile nami nimekosea, nirekebishe, sitakasirika. Pengine suti haikuwa nyeupe. Pengine aliyekalia ngoma hakuwa mdakaji. Lakini zaidi nisaidieni kuhusu vigelegele. Mimi nakumbuka nilianza mimi. Kama alianza mwingine, mama yeyote, niambieni jina lake. Sitalisahau.